Nobu inayofanya kazi robo tu: kupanga upya namba za 0 hadi 1 ndani ya Pure Data

"Kaka, hii nobu mbovu. Robo ya kwanza inafanya kazi, kuanzia hapo imekufa."

Aliyeniambia hivyo ni kijana ninayemwelekeza mambo ya sauti. Alikuja na laptopu yake, kontrola ndogo ya MIDI (lugha ambayo vifaa vya muziki huzungumzia na kompyuta) yenye nobu nane, na filta, yaani kichujio cha sauti, aliyoijenga mwenyewe kwenye Pure Data. Nikaizungusha. Kweli bwana: ukiigusa kidogo tu kutoka chini, mlio unaruka kutoka kwenye ubutu hadi kwenye ukali, kisha sehemu kubwa iliyobaki unazungusha na husikii cha maana kinachobadilika. Ila nobu ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu iliyokaa kati ya nobu na filta, maboksi matatu tu, ambayo karibu kila mtu huyapanga vilevile siku ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa kurekebisha maboksi hayo. Natumia Pure Data, yaani Pd, programu ya kutengenezea sauti, kwa sababu ni ya bure na inakubali Linux, Windows, Mac na hata Raspberry Pi. Aliyeianzisha ni Miller Puckette, mtu yuleyule aliyeitengeneza Max miaka ya 1980 pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris. Programu hizi mbili ni ndugu, kwa hiyo ukiwa unatumia Max utafuata bila shida. Kuna mitego miwili mitatu ya Max nitakayoitaja tukifika.

Kama Pd ni ngeni kwako: huandiki msimbo, unaweka maboksi na kuyaunganisha kwa nyaya. Namba zinateremka kutoka juu kwenda chini. Ctrl+1 inaleta boksi la kawaida, Ctrl+2 boksi la ujumbe, Ctrl+3 boksi la namba, na Ctrl+E inakutoa kwenye kuhariri na kukurudisha. Hayo yanatosha kuanza.

Hatua ya 1: Tazama namba ghafi kabla ya kuzigusa

Weka boksi, andika `ctlin` bila kitu kingine, kisha ning'iniza boksi la namba kwenye kila tundu la chini. La kwanza kushoto litakuonyesha thamani, la pili namba ya nobu, la tatu chaneli. Zungusha nobu unayoitaka, soma namba yake, kisha rudi uandike kwa mfano `ctlin 74` ili boksi lisikilize nobu hiyo peke yake.

Utaona thamani zinakwenda kutoka 0 hadi 127. Ndivyo MIDI ilivyo tangu 1983: thamani ya nobu hubebwa na biti saba, na biti saba zinatoa namba 128, sifuri ikiwemo. Slaida ya Pd yenyewe, ukiiweka bila kubadilisha kitu, nayo inatoa 0 hadi 127. Lakini vyanzo vingine vina desturi zao. Ukitumia `osc~`, boksi linalozalisha wimbi, ikiwa ya polepole kutikisa kitu, itatoa kati ya -1 na 1. Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki, ikisoma sensa kwenye pini ya analogi inatoa 0 hadi 1023. Programu nyingi za simu zinazotuma OSC (njia ya kutuma namba za muziki kupitia mtandao) tayari zinatuma 0 hadi 1.

Kwenye sensa, usiamini kilichoandikwa kwenye karatasi. Sensa yangu ya mwanga, inayotakiwa kusoma 0 hadi 1023, nikiifunika kwa kiganja inasoma 180, na nikiiweka karibu na dirisha mchana inasoma 870. Huo ndio wigo wake halisi chumbani kwangu. Pima chako, uandike pembeni.

Hatua ya 2: Lete kila kitu kwenye kibaba kimoja

Mimi naifikiria 0 hadi 1 kama kibaba. Sifuri ni kibaba kitupu, moja ni kibaba kilichojaa pomoni, 0.5 ni nusu kibaba. Haijalishi unga ulitoka kwenye gunia gani. Ukishaupima kwa kibaba, unajua una kiasi gani na unaweza kuumimina kwenye chombo chochote. Hesabu yake ni fupi: toa kima cha chini, kisha gawanya kwa tofauti ya kima cha juu na cha chini.

Kwa MIDI kima cha chini ni sifuri, basi hakuna cha kutoa:

```
ctlin 74
   |
/ 127
   |
s nobu1
```

Kati ya mkwaju na 127 kuna nafasi. Ukiandika `/127` bila nafasi, Pd itatafuta boksi lenye jina hilo, itakosa, na itakuchorea mstari wa vikatokato kuzunguka boksi. Ukiona vikatokato mahali popote kwenye pachi yako, yaani mchoro wako mzima wa maboksi na nyaya, ujue boksi hilo halijaundwa.

Na ni 127, si 128. Wengi hugawanya kwa 128 kwa kuwa wamesikia "thamani 128". Nobu ikifika mwisho unapata 127 kwa 128, yaani 0.992, na kibaba hakijai. Kwenye filta hutagundua. Kwenye volyumu utakaa unajiuliza kwa nini hii haifiki juu kama ile nyingine.

Kwa sensa yangu ya mwanga maboksi ni `- 180`, chini yake `/ 690` (870 kutoa 180), na chini yake `clip 0 1`, maana siku jua likiwa kali itapita 870 na kibaba kitafurika. Kwa `osc~` iliyo kati ya -1 na 1, pitisha kwenye `*~ 0.5` kisha `+~ 0.5`. Kwa slaida ya Pd huhitaji boksi lolote: bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua Properties, weka kima cha chini 0 na cha juu 1. Humo humo kuna kitufe cha kugeuza slaida iwe ya logi. Mimi sikitumii. Kinaficha hesabu ndani ya slaida, na siku utakapoibadilisha slaida kwa nobu ya kweli, pachi inabadilika tabia na hukumbuki kwa nini.

Sasa mtego wa kwanza wa Max. Kwenye Pd kila namba ina desimali. Kwenye Max, boksi la `/ 127` lisilo na nukta linafanya kazi kwa namba nzima, hivyo linatoa 0 muda wote na 1 pale mwisho kabisa. Andika `/ 127.` yenye nukta. Nukta hiyo imewapotezea watu usiku mzima.

Mtu ataniuliza: kwa nini kuzunguka huku kote, si niende moja kwa moja kutoka 127 hadi namba za filta? Unaweza. Lakini angalia lile boksi la `s nobu1` hapo juu. Linarusha kibaba hewani, na popote kwenye pachi unaweka `r nobu1` kukipokea. Nobu moja inaweza kufungua filta, kupunguza volyumu na kurefusha mwangwi kwa wakati mmoja, kila sehemu ikiwa na hesabu yake. Na kontrola ikiharibika siku ya shoo, unachomeka slaida ya Pd au simu mahali pake, unabadilisha maboksi mawili ya juu, na sehemu zote za chini hazijui kama kuna kilichotokea.

Hatua ya 3: Nyoosha, pale panapostahili mstari mnyoofu

Kumimina kibaba kwenye wigo mwingine kwa mstari mnyoofu ni kinyume cha hatua iliyopita: zidisha kwa tofauti, jumlisha kima cha chini. Kosa linalojirudia ni kuzidisha kwa kima cha juu chenyewe. Mtu anataka 160 hadi 300, anaweka `* 300` kisha `+ 160`, na nobu inaishia 460. Tofauti ni 140, basi ni `* 140` na `+ 160`.

Mfano huo wa 160 hadi 300 sijauokota hewani. Ni mapigo kwa dakika, kwa mtu anayetaka kuchezea mwendo wa singeli, muziki ambao kwa kawaida hupita mapigo 200. Hapa mstari mnyoofu unafaa, ila kuna jambo la kuangalia. Boksi la `metro` linalogonga mapigo halijui mapigo kwa dakika. Linataka milisekunde kati ya pigo na pigo. Mapigo 160 ni milisekunde 375, mapigo 300 ni milisekunde 200. Kwa hiyo mtu anapiga njia ya mkato: ananyoosha kibaba moja kwa moja kati ya 375 na 200. Inafanya kazi, lakini nobu ikiwa katikati unapata milisekunde 287.5, ambayo ni mapigo kama 209. Ulitarajia 230. Nusu ya juu ya nobu imebebeshwa mapigo 91 na ya chini 49, na ukiwa jukwaani mkono wako hautaelewa.

Njia ninayoifuata ni hii:

```
r nobu1
   |
* 140
   |
+ 160
   |
expr 60000 / $f1
   |
(tundu la kulia la metro)
```

Unapanga kibaba kwa kipimo ambacho mwanamuziki hukitamka, halafu unageuza kuwa kipimo cha mashine mwishoni kabisa. Mwendo hutamkwa kwa mapigo. Sauti ya noti hutamkwa kwa nusutoni na oktavu (oktavu moja ni nusutoni 12). Ukubwa wa sauti hutamkwa kwa desibeli. Hakuna mpiga kinanda anayesema "nipandishie hezi 40", yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Karibu kila nobu "mbovu" niliyoletewa ilikuwa imepangwa kwa kipimo cha mashine.

Nimetumia `expr` kwenye mgawanyo kwa sababu boksi la `/` hugawanya kinachoingia kushoto, na hapa tunataka 60000 igawanywe kwa kinachoingia. `$f1` maana yake ni namba iliyoingia tundu la kwanza, na desimali zake. Ukiandika `$i1` badala yake, desimali zinakatwa, na kibaba cha 0.7 kinakuwa sifuri.

Hatua ya 4: Kunja, pale sikio linapozidisha

Turudi kwa kijana na filta yake. Alikuwa na `/ 127`, `* 19980`, `+ 20`, ili nobu imtoe hezi 20 hadi 20000, wigo wa kusikia wa binadamu. Hesabu ni sahihi kabisa kwenye karatasi. Sasa tazama inavyokwenda. Hatua moja ya nobu, kutoka 0 hadi 1 kati ya zile 127, inaongeza hezi 157. Kutoka 20 unafika 177, na hapo umeshapanda zaidi ya oktavu tatu kwa kugusa tu. Nobu ikifika robo uko kwenye hezi 5015. Kila oktavu ni kuzidisha kwa mbili: 20, 40, 80, 160, 320, 640, 1280, 2560, 5120. Umeshakula oktavu nane kasoro kidogo ndani ya robo ya kwanza. Kutoka 5015 hadi 20000 zimebaki oktavu mbili tu, na hizo mbili zimetandazwa juu ya robo tatu nzima za nobu. Ndiyo maana alisema imekufa. Sikio lake lilikuwa linapima vizuri kuliko pachi yake.

Sikio halisikii hezi zinavyojumlishwa, linasikia zinavyozidishwa. Basi nobu nayo izidishe: kila hatua sawa ya mkono iwe uwiano sawa wa masafa, yaani hizo hezi. Hesabu yake ni kima cha chini, mara uwiano wa kima cha juu kwa cha chini, uwiano huo ukiwa na kipeo cha kibaba. Kwa hezi 20 hadi 20000 uwiano ni 1000:

```
r nobu1
   |
expr 20 * pow(1000, $f1)
```

Kibaba kitupu: 1000 kwa kipeo cha sifuri ni 1, unapata 20. Kibaba kilichojaa: 1000, unapata 20000. Nusu kibaba: hezi 632, si 10010 kama mwanzo. Kila hatua ya nobu ya MIDI sasa inapandisha masafa kwa kiasi kilekile cha asilimia 5.6 hivi, karibu nusutoni moja, iwe chini, katikati au juu. Hakuna sehemu iliyokufa.

Usihangaike kutumia boksi la `pow` peke yake hapa. Lipo, lakini namba inayoingia kushoto ndiyo inayopandishwa, na kipeo kinakaa kulia. Sisi kinachobadilika ni kipeo, nalo tundu la kulia ni la baridi: ukiingiza namba humo boksi linaikumbuka lakini halitoi kitu mpaka la kushoto liguswe. `expr` inakuepusha na hayo.

Na kima cha chini hakiwezi kuwa sifuri. Sifuri mara chochote ni sifuri, na uwiano wa kitu kwa sifuri haupo. Mtu anayeniambia anataka filta ianze hezi sifuri, namuuliza hiyo sifuri ataisikia wapi.

Kwa kweli mimi kwenye filta situmii hata hiyo `expr`. Natumia noti. Pd ina boksi la `mtof` linalogeuza namba ya noti ya MIDI kuwa hezi: 69 inakuwa 440, 60 inakuwa 261.6. Kujipinda kwote kumo ndani yake. Kwa hiyo nanyoosha kibaba kwa nusutoni, `* 72` kisha `+ 48`, halafu `mtof`. Nusutoni 72 ni oktavu sita, kutoka hezi 131 hadi 8372, na kwa filta ya kinanda au besi sihitaji zaidi. Najua nobu ikisogea moja ya sita nimepanda oktavu moja. Kijana naye alipenda hii kuliko ile ya vipeo, maana anapiga gitaa na nusutoni anazihesabu kwa vidole.

Hesabu hiyohiyo ya kukunja inafaa kwa muda wa bahasha ya sauti, yaani jinsi mlio unavyopanda na kufifia. Ukitaka mlio uchukue kati ya milisekunde 5 na 5000 kufifia, mstari mnyoofu utakupa milisekunde 2500 katikati na hutaweza kuchagua kati ya 10 na 30, ambako ngoma zote zinaishi. Kwa `expr 5 * pow(1000, $f1)` katikati ni 158.

Hatua ya 5: Volyumu ina desturi yake

Mara ya kwanza kabisa nilipojenga kitu kwenye Pd, nilichukua slaida mpya na kuiunganisha moja kwa moja kwenye `*~` iliyokuwa inakwenda spikani. Nikasukuma kidogo. Slaida ilikuwa inatoa 0 hadi 127, na kwenye Pd mawimbi yanatakiwa kubaki kati ya -1 na 1. Nilikuwa nimezidisha sauti mara 40 na kitu. Kadi ya sauti ilikata kila kilichozidi, na kilichotoka kwenye hedifoni sitaki kukieleza. Tangu siku hiyo, kabla ya kujaribu chochote kipya, hedifoni inakaa mezani kwanza, si masikioni.

Volyumu inataka kukunjwa kama masafa, lakini ina shida moja ambayo masafa hayana: lazima ifike kimya kabisa. Ukitumia uwiano, kima cha chini hakiwi sifuri, na slaida ikishushwa chini kabisa bado panasikika mnong'ono. Pd ina `dbtorms`, ambayo inachukua desibeli 100 kama kipimo cha 1 na inageuza 0 kuwa kimya. Ukiweka `* 100` kisha `dbtorms`, ncha zote mbili ziko sawa, lakini katikati ni desibeli 50 chini ya juu, karibu hakuna kitu. Ukiweka `* 40` na `+ 60`, katikati ni pazuri lakini chini hapafiki kimya.

Ninachotumia ni rahisi kuliko vyote: `pow 3`. Hapa `pow` inafaa, kwa kuwa kinachopandishwa ni kibaba chenyewe na kipeo ni 3 daima. Sifuri inabaki sifuri, moja inabaki moja, nusu inakuwa 0.125, ambayo ni desibeli 18 chini. Mkono unaisikia kama feda, kile kitelezi cha volyumu, ya miksa ya kawaida. Ukiona inashuka haraka mno jaribu `pow 2`. Hakuna sheria hapa, ni sikio lako na spika zako.

Hatua ya 6: Zuia, kisha lainisha

Kuzuia ni boksi moja, `clip 0 1`, na mahali pake ni kabla ya kukunja. Kibaba kikifurika kidogo, tuseme 1.1, kwenye mstari mnyoofu kinazidi kwa asilimia kumi tu ya wigo. Kwenye ile hesabu ya 20 hadi 20000 kinakurusha hadi hezi 39900, mbali kabisa na kitu chochote filta inachoweza kufanya kwenye mfumo wa hezi 44100. Wanaotumia Max wakumbuke kwamba boksi la `scale` linalowafanyia hesabu hii yote halizuii. Linalozuia ni `zmap`. Na `scale` haimo kwenye Pd ya kawaida, ndiyo maana pachi za kunakili mara nyingi zinafunguka na vikatokato.

Kulainisha ni jambo la pili. Nobu ya MIDI ina ngazi 128 tu. Ukizitandaza juu ya nusutoni 72, kila ngazi ni zaidi ya nusu ya nusutoni, na kwenye filta kali unazisikia moja moja, krr-krr-krr, kama mtu anayeburuta fimbo kwenye mabati. Dawa ni `line~`, inayoteleza kutoka namba moja hadi nyingine kwa muda unaoupanga:

```
r nobu1
   |
clip 0 1
   |
pack f 20
   |
line~
   |
*~ 72
   |
+~ 48
   |
mtof~
   |
(tundu la katikati la vcf~)
```

`pack f 20` inafunga namba pamoja na 20, yaani "nenda hapo kwa milisekunde 20". Kuanzia `line~` kila boksi lina alama ya wimbi, kwa sababu sasa tunashughulika na sauti yenyewe, si namba za kudondoka. Zingatia kwamba kulainisha kumekuja kabla ya kukunja. Ukikunja kwanza ukalainisha hezi, mteremko unakwenda kwa mstari mnyoofu kati ya hezi na hezi, na nobu ikirushwa ghafla kutoka juu hadi chini unasikia mlio ukining'inia juu kisha kuanguka mwishoni.

`vcf~`, ambayo ndiyo filta yenyewe, inakubali wimbi kwenye tundu la katikati. Tundu lake la chini kulia ndilo linalopitisha sauti za chini. Kama unatumia `lop~`, filta nyingine iliyo rahisi zaidi, hiyo inapokea namba za kawaida tu, kwa hiyo badala ya `line~` tumia `line`, na maboksi yanayofuata yaandike bila alama ya wimbi.

Hatua ya 7: Jitengenezee maboksi yako

Ukishaandika hesabu hizi mara tano utachoka. Fungua pachi mpya, weka `inlet`, chini yake `clip 0 1`, chini yake `expr $1 + $f1 * ($2 - $1)`, na mwisho `outlet`. Ihifadhi kwa jina `nyosha.pd` kwenye folda ileile ya pachi yako kubwa. Sasa ukiandika boksi la `nyosha 160 300`, Pd inaweka 160 mahali pa `$1` na 300 mahali pa `$2`.

Fanya nyingine iitwayo `kunja.pd`, na ndani yake:

```
expr $1 * pow(float($2) / $1, $f1)
```

Hiyo `float` nimeiweka makusudi. `expr` ikipewa namba mbili nzima hugawanya na kutupa desimali; 300 kwa 160 ingekuwa 1, na nobu yako ingeganda hapo hapo kwenye 160. Pachi ya kijana sasa ina `nyosha` nne na `kunja` mbili, na unaisoma kama sentensi.

Kabla ya kuunganisha nobu ya kweli, weka maboksi ya ujumbe matano yenye 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1, uyaunganishe juu ya boksi lako, uyabofye moja moja huku ukitazama boksi la namba chini. Ncha mbili zikiwa sawa na katikati pana namba unayoweza kuitetea, endelea.

Limebaki jambo moja, nalo hujitokeza kesho yake. Ukifungua pachi upya, nobu na slaida hazijatuma kitu. `r nobu1` iko kimya, na kila kitu kimekaa kama kibaba ni kitupu, hivyo husikii cha maana na unaanza kukagua nyaya. Kwa slaida, ingia Properties uwashe Init, itakumbuka ilipokuwa ulipohifadhi. Kwa nobu ya MIDI haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haijui imeelekea wapi mpaka uisogeze. Weka `loadbang`, chini yake boksi la ujumbe la 0.5, uliunganishe na lile boksi la `s nobu1`. Pachi itafunguka ikiwa na nusu kibaba, na ukigusa nobu tu itaruka hadi ilipo. Zile milisekunde 20 za `line~` zitaupunguzia mruko huo makali.